Treni ya watalii inakufa namna gani?

Neno "utalii" likiingia tu katika mazungumzo yetu, mawazo yanakimbia. Mmoja anataja vilima vya Masisi na ng'ombe wake, mwingine maziwa ya Mokoto, mwingine pori la Walikale linaloshuka mpaka ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega. Halafu hakosi mmoja wa kusema: "Wakituwekea ka treni hapa, wageni watajaa." Si ajabu kulikuta wazo hilo hata kwenye ukurasa wa mwisho wa TFC, pale kwenye mapendekezo, ambapo kila kitu kinawezekana.

Simcheki mtu. Kukaa dirishani, kuangalia nchi inapita polepole, chai mkononi, ni raha ambayo ndege haiwezi kukupa, na motari hata tusiseme. Lakini mashariki mwa Afrika treni za namna hiyo zilikuwako, na nyingi zilifungwa. Kabla ya kuomba ya kwetu, tuangalie kwanza zile zilikufa kwa ugonjwa gani. Watu wengi wanafikiri watalii waliacha kupenda treni. Kumbe sivyo. Mara nyingi watalii walikuwa bado wanaipenda, na iliwafia mikononi. Kilichoiua ni mizigo: kuondoka kwa mizigo.

Tuanzie karibu. Masisi na Walikale reli haikufika hata siku moja. Kivu nzima iliona kipande kimoja tu: kutoka Uvira kupanda bonde la Ruzizi mpaka Kamanyola, kasoro kidogo ya kilomita mia moja. Wabelgiji walikijenga mwanzoni mwa miaka ya 1930 wakiwa na wazo la kuunganisha ziwa Tanganyika na ziwa Kivu. Wazo halikufika mwisho. Baada ya Kamanyola mlima unasimama mbele yako kama ukuta, kwa hiyo mali ilishushwa kwenye treni na kupakiwa kwenye malori kwenda Bukavu. Sasa fikiri wewe mwenyewe: kama lori lazima liko, na mali imekwisha kupanda ndani ya lori, kwa nini lori lisitoke nayo Uvira moja kwa moja? Ndivyo ilivyokuwa. Ile reli ilifungwa hata kabla ya uhuru wa 1960.

Mfano wa pili unaniuma zaidi, kwa sababu hiyo ilikuwa na kila kitu tunachokiota sisi. Toka Beni, pita Kasindi, vuka mpaka: hauendi mbali, unafika Kasese, chini ya mlima Rwenzori upande wa Uganda. Reli ya kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956. Haikuletwa na mlima wala simba. Ililetwa na shaba ya Kilembe, iliyokuwa inachimbwa mlimani pale juu na kupelekwa Jinja kuyeyushwa, halafu Mombasa kupanda meli. Shaba ndiyo iliyolipa. Na kwa kuwa reli ilikuwa imekwisha kulipwa na shaba, abiria naye alipata nafasi. Mgeni aliweza kupanda treni Kampala, kulala, na kuamka karibu na Rwenzori, na mbuga ya Queen Elizabeth iko pale pale jirani.

Basi ukaja utawala wa Idi Amin. Mwaka 1972 Waasia wakafukuzwa, biashara ikaanguka, vipuri vikakosekana, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mgodi wa Kilembe ukasimama. Reli haikufa siku ile ile. Iliendelea kujivuta, mwendo ukipungua mwaka kwa mwaka, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaachwa kabisa. Miaka ile ya mwisho ADF nao walikuwa mlimani, hakuna mtalii aliyepanda. Lakini usalama uliporudi, watalii walirudi. Mlima haukuhama, simba wako pale, hoteli zinajengwa. Mgeni wa leo anafika Kasese na jipu, na treni haikurudi. Kama ingekuwa watalii peke yao wanatosha kuishikilia reli, ya Kasese ingekuwa ya kwanza kufufuka.

Kwa nini haiwezekani? Tufanye hesabu kidogo. Namba hizi ni za mfano tu, nimezichagua ziwe nyepesi. Tuseme reli ina urefu wa kilomita 500, na kila kilomita inakula dola 10.000 kwa mwaka: kubadilisha mataruma yaliyooza, kuongeza kokoto, kuzibua mifereji, kukata majani, kutengeneza madaraja, kulipa watu wanaotembea juu ya njia kila siku kuangalia kama nati imelegea. Jumla ni dola milioni tano kila mwaka. Na angalia vizuri: hiyo feza inatoka hata kama hakuna treni iliyopita. Mvua ya kwetu haiulizi kama leo kulikuwa na abiria.

Sasa weka treni moja ya watalii kila wiki, watalii 200, imejaa kila mara (kitu ambacho hakitokei). Kwa mwaka ni watu 10.400. Gawanya: kila mmoja anapaswa kulipa karibu dola 480 kwa ajili ya njia peke yake. Hatujanunua mafuta, hatujamlipa dereva, hatujapika hata yai. Lakini kama juu ya njia ile ile inapita mizigo tani milioni moja kwa mwaka, kila tani inabeba dola tano tu, na mtalii anapita karibu bure.

Siri yote ni hiyo. Treni ya watalii ni mtoto anayebebwa mgongoni, na mama ni mizigo. Watu wanapiga picha ya mtoto kwa kuwa amevaa vizuri, mama hawamwoni.

Treni iliyojulikana kuliko zote upande wetu huu ni ile ya Nairobi–Mombasa. Waingereza walianza kuijenga Mombasa mwaka 1896, wakafika Nairobi 1899 na ziwa Victoria, pale Kisumu, mwishoni mwa 1901. Vibarua wengi walitoka India, na zaidi ya elfu mbili kati yao walikufa. Hadithi ya simba wa Tsavo waliokula wajenzi mwaka 1898 mmeisikia, hata sinema zilitengenezwa. Njia haikujengwa kwa utalii, ilijengwa kushika Uganda na kutoa mali yake. Lakini bado ni mpya, wageni wakubwa wakaanza kuja kwa kuitembelea tu. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alikaa kwenye benchi lililofungwa mbele kabisa ya kichwa cha treni, aangalie wanyama uwandani. Matangazo ya utalii yalifanyika vile, na hayakugharimu hata senti.

Miaka ya 1950 ile reli ilikuwa kwenye nguvu yake. Mwaka 1955 na 1956 zililetwa injini 34 kubwa sana za mvuke kutoka kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika ya Mashariki. Moja iliitwa kwa jina la Rwenzori yetu. Zilikuwa injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote duniani kwenye njia ya upana wa mita moja. Hazikuagizwa kwa kufurahisha watalii: ziliagizwa kwa sababu mizigo ilikuwa imelundikana bandarini Mombasa na njia moja ilishindwa kuimaliza. Mtalii aliyepiga picha ya ule moshi mzuri alikuwa anapiga picha ya kahawa, pamba na saruji.

Treni ya usiku ya abiria nayo ilijijengea jina. Inatoka Nairobi saa moja jioni. Mhudumu anapita anapiga kengele kuita watu kwenye chakula: meza zimetandikwa vitambaa vyeupe, visu na vijiko vina alama ya reli, mpishi anapika supu huku behewa linayumba. Wakati mnakula, wengine wanawatandikia vitanda. Asubuhi unafungua dirisha, nchi imekwisha kubadilika rangi, udongo mwekundu, na ukiwa na bahati unaona tembo. Kuna watalii waliotoka Ulaya kwa ajili ya usiku ule mmoja.

Ugonjwa uliingiaje basi? Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika moja la reli likagawanywa vipande vitatu, Kenya, Uganda, Tanzania. Karakana ikabaki kwa mmoja, mabehewa kwa mwingine, madeni kwa wote. Kisha barabara ikawa nzuri, na malori yakaanza kunyang'anya mizigo. Mwenye makontena hakusubiri treni isiyojulikana itafika siku gani. Mizigo ikipungua, feza ya njia inapungua. Njia ikiharibika, treni inapunguza mwendo. Mwendo ukipungua, mizigo mingine inakimbia. Duara hilo likianza kuzunguka ni shida kulisimamisha. Mwaka 1993 daraja la Ngai Ndethya lilibebwa na mafuriko usiku na treni ya abiria ikaingia mtoni, zaidi ya watu 100 wakafa. Miaka sita baadaye nyingine ikaanguka Tsavo.

Mwaka 2006 serikali za Kenya na Uganda zilikodisha reli kwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa miaka 25. Haikufikisha hata nusu, mkataba ulikatwa 2017. Katika miaka hiyo ya mwisho treni ya usiku ilifika Mombasa ikiwa imechelewa saa tano, sita, siku nyingine zaidi. Ajabu ni kwamba watalii waliendelea kuja! Waliandika kwamba kuchelewa ndio utamu wenyewe, mtu unaona nyika mchana. Mtalii anaweza kupenda kuchelewa kwa sababu yuko likizoni. Mama anayepeleka nyanya sokoni hawezi. Sasa reli inayofurahisha wanaopita mara moja katika maisha, na inayochosha wanaoihitaji kila wiki, hiyo imekwisha.

Tarehe 31 Mei 2017 Kenya ilifungua reli mpya iliyojengwa na Wachina kwa mkopo, ikaitwa Madaraka Express. Nairobi mpaka Mombasa inachukua karibu saa tano au sita, mtu amekaa kwenye kiti. Treni ya zamani ya usiku ilisimama mwaka ule ule. Tangu 2018 mizigo ya bandari nayo ikasukumiwa kwenye reli mpya, na hapo hata aliyetaka kuifufua ile ya usiku hakuwa na mgongo wa kuiweka. Baadhi ya injini za mvuke ziko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Moja ya zile kubwa, yenye jina la mlima Gelai, ilitengenezwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikawashwa moto kwa safari chache za pekee. Leo iko pale, watoto wa shule wanaipanda kupiga picha.

Kwa haraka, tutoke nje kidogo tuone kama kanuni hiyo inashika pengine. Afrika Kusini kulikuwa na treni ya mvuke ya pwani kati ya George na Knysna, iliyoitwa Outeniqua Choo-Tjoe. Njia yake ilifunguliwa mwaka 1928, daraja lake juu ya mto Kaaimans lilichapwa kwenye kadi za posta nyingi. Abiria hawakukosekana. Agosti 2006 mafuriko yakaporomosha udongo juu ya njia. Kama pale pangekuwa na mizigo mikubwa, watu wangekuja na mashine wiki ile ile. Ilikuwa imebaki karibu ya watalii peke yao, kwa hiyo haikutengenezwa. Treni ikahamishiwa kipande kingine, kuelekea Mossel Bay, na 2010 ikafungwa.

Marekani inaonyesha upande wa pili wa shilingi. Kule reli ni za makampuni binafsi ya mizigo. Kampuni ya Southern Railway ilianza mwaka 1966 kuendesha treni za mvuke za matembezi juu ya njia zake, na mrithi wake Norfolk Southern aliziacha mwaka 1994. Mizigo haikuwa imekwisha, ilikuwa imeongezeka! Kila treni ya matembezi ilisimamisha treni za mizigo zenye faida, na bima nayo ilipanda. Kwa hiyo mizigo ikikimbia, mtoto anaanguka. Mama akizidiwa na kazi, anamshusha mtoto chini. Ile ya matembezi iko salama tu kama ina njia yake yenyewe na kazi yake yenyewe, sawa ile ya Grand Canyon, iliyofungwa kwa abiria mwaka 1968 ikafufuliwa 1989, na inapeleka watu mpaka mlangoni kwa mbuga ambayo mamilioni wanaitembelea.

Kuna kifo kingine, hicho si cha feza. Ni cha ufundi. Eritrea ilikuwa na reli ya Waitalia kutoka Massawa baharini mpaka Asmara, kilomita 118, inapanda kutoka usawa wa bahari mpaka zaidi ya mita 2.300. Vita viliisimamisha miaka ya 1970, vyuma vyake vikang'olewa kujengea mahandaki. Baada ya uhuru, serikali iliamua kuijenga tena kwa nguvu zake yenyewe. Waliitwa wazee wa reli waliokuwa wamestaafu, wengine wana miaka zaidi ya sabini, wakarudi na nyundo zao, wakawafundisha vijana. Mwaka 2003 treni ya mvuke ilifika tena Asmara. Wapenda treni wa Ulaya walikodi safari. Lakini bandari ya Massawa haikuipa mizigo ya kutosha, wageni wakapungua kadiri nchi ilivyojifunga, na treni ikabaki ya kupanda kipande kifupi karibu na mji, siku moja moja. Kila mzee anayekufa anaondoka na ujuzi wa tangi la mvuke ambao hauko kwenye kitabu chochote. Sisi wenye diplome, swali la nani atakuwa karibu ya wazee kujifunza linatuhusu moja kwa moja.

Sasa turudi nyumbani. Mtu atasema: kwetu mizigo iko. Ni kweli, na njo maana naandika. Walikale inatoa madini ya bati, ya Bisie ni maarufu duniani. Masisi inatoa maharagwe, viazi, maziwa, na ile jibini ambayo Goma na hata Kinshasa wanaijua. Mali hiyo inatoka namna gani? Kichwani, mgongoni, kwenye chukudu, kwenye pikipiki, kwenye Fuso inayolala siku tatu matopeni, na kwa wenye uwezo, kwa ndege ndogo. Gharama ya usafiri inakula jasho la mkulima kabla hajafika Sake.

Kwa hiyo anayeandika mradi na kuanza na watalii ameanza na mtoto. Tena watalii ndio wateja wanaokimbia wa kwanza. Mei 2018 wageni wawili wa Uingereza walitekwa ndani ya Virunga. Mbuga ilifungwa mpaka Februari 2019, ikafunguliwa, na Machi 2020 ikafungwa tena. Hoteli inaweza kufunga mlango na kusubiri, hata kama ni kwa maumivu. Reli haijui kusubiri. Miaka miwili bila matengenezo kwenye mvua ya Walikale, pori limekwisha kuirudisha kwake, na vyuma vimekwisha kuuzwa kwa kilo.

Mwenye kutaka mfano wa kuiga, mimi ningemwonyesha Nanyuki kuliko Mombasa. Njia ya kutoka Nairobi kwenda Nanyuki, chini ya mlima Kenya, ilikuwa imelala miaka zaidi ya ishirini. Ilitengenezwa upya na kufunguliwa 2020, kwa gharama ndogo ukilinganisha na reli mpya, na vijana wa huduma ya taifa walitumika kwenye kazi. Ya Kisumu ikafuata, abiria wakarudi Desemba 2021. Treni hizo zilipoanza zilikuwa zinatoka Nairobi Ijumaa na kurudi Jumapili. Ndani yake wako watalii, ndiyo, wanapiga picha za mlima. Lakini waliojaza viti ni watu wanaokwenda kuona wazazi wao, na kwenye njia ile ile inapita mizigo.